Hewa ya Makaa na Jina Lililochukuliwa



Siku hizi ni nadra wiki kupita bila redio kutaja hewa ukaa. Hewa ukaa imekuwa bidhaa. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimelipwa fedha kwa kuilinda misitu inayoifyonza. Serikali ilitoa kanuni za biashara hiyo mwaka 2022. Na pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kimewekwa kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni.

Sina neno na biashara hiyo. Neno langu ni juu ya jina. Makaa yakiwaka hutoa hewa mbili zilizo ndugu. Moja ni hiyo inayouzwa, ambayo wanakemia huiita kaboni dayoksaidi. Ya pili ni kaboni monoksaidi, nayo haina soko. Huua watu usingizini, katika chumba kilichofungwa, kando ya jiko ambalo halikuwa hata na moshi. Ile ya kwanza imelichukua jina la ukoo. Ya pili imeachwa bila jina ambalo mama wa nyumbani anaweza kulitamka, na ni kazi ngumu kumwonya mtu juu ya kitu kisicho na jina. Leo nataka kueleza tarehe ya jina hilo, na ya vyombo vilivyobuniwa kuinasa hewa hiyo, nikianzia hapa Chole nilipo. Kwani kisiwa hiki kimeishi na makaa na matanuri kwa muda mrefu kuliko kilivyoishi na vitabu vya kemia.

Asiyeijua Chole na aelewe kwamba ni kisiwa kidogo kilichomo ndani ya ghuba inayoitwa kwa jina lake, kati ya Utende, kwenye Mafia kuu, na kisiwa cha Juani. Tuna popo wakubwa wanaolala mchana mitini, tuna mafundi wa vyombo vya baharini, na tuna magofu. Makao ya utawala wa Mafia yalikuwa hapa katika karne ya 19, zama za Waarabu wa Omani. Wajerumani walipoingia waliyaacha hapa hapa, wakajenga boma lao, hadi mwaka 1913 walipohamia Kilindoni kwenye maji yanayofaa zaidi meli. Kuta hizo, ambazo leo zimekumbatiwa na mizizi ya miti, zilijengwa kwa mawe na chokaa.

Kuchoma chokaa ni kazi ya moto mkubwa. Matumbawe hutolewa baharini, hukaushwa, kisha hupangwa juu ya magogo yaliyolazwa kwa duara, na tanuri huwashwa likawaka usiku kucha. Jiwe likishika moto hutoa hewa yake, likabaki jepesi, jeupe, la kubomoka. Ukilinyunyizia maji hufoka na kuwa unga. Chokaa hiyo ilijenga nyumba na misikiti, na ikichanganywa na shahamu ilikuwa deheni ya kupaka matumbo ya vyombo ili visiliwe na wadudu wa baharini. Uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Mjadala wa hifadhi nauacha kwa wenyewe. Nimeutaja moto huo kwa sababu ya msamiati wake.

Maana watu wanaochoma chokaa, wanaobanika samaki, wanaofukiza udi na wanaokalafati mashua huwa na maneno mengi ya moto. Kuna tanuri, joko, jiko, seredani na chetezo. Kuna kaa la moto, makaa na mkaa. Kuna kijinga, yaani kipande cha ukuni kinachowaka. Kuna jivu, na masizi yaliyoganda darini, na dohani ya kutolea moshi, neno lililotoka katika Kiarabu ambako maana yake ni moshi wenyewe. Moshi hufuka. Mgonjwa hufukizwa. Mkaa hukolea.

Hicho kitenzi cha mwisho kinataka kutazamwa kwa makini. Mkaa uliowashwa karibuni hutoa moshi, hurusha cheche, huyaliza macho. Huo hauingizwi ndani. Husubiriwa uani, hupepewa, hata moshi uishe na makaa yote yawe mekundu. Hapo ndipo tunaposema umekolea, na jiko huingizwa chumbani, hasa siku za mvua, au katika nchi za baridi kama Makete, Njombe na Mbeya, ambako jiko ni blanketi la pili. Na kukolea ni neno la sifa. Mchuzi hukolea, rangi hukolea, mapenzi hukolea. Maana yake ni kufikia ukamilifu. Basi lugha yetu imetangaza usalama wakati ule ule ambapo hatari imebaki peke yake, bila moshi wa kuitangaza.

Methali yasema panapofuka moshi hapakosi moto. Haina la kusema juu ya moto usiofuka moshi. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi koo. Ni nyepesi kidogo tu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haitui sakafuni wala haikimbilii darini. Huchanganyika na chumba kizima. Jicho huiona kwa namna moja tu: vile vimiali vya buluu vinavyocheza juu ya makaa mekundu ndiyo yenyewe ikiungua. Ile iliyoungua kwa kimiali imekwisha kugeuka ile nyingine ya sokoni. Ya kuogopwa ni ile iliyopita bila kuungua.

Mtu atauliza: mbona wazee wetu walikaa na majiko na hawakufa wote? Jibu limo katika paa. Nyumba ya makuti hupumua. Baina ya ukuta na paa huachwa nafasi, makuti yenyewe hupitisha upepo, na mahali pa kupikia aghalabu ni uani au katika banda la kuta za nusu. Moshi uliwaudhi watu macho na vifua, na ulileta maradhi yake ambayo si madogo, lakini hewa isiyonukia haikupata pa kujikusanya. Kisha likaja bati, ikaja dari ya mbao, yakaja madirisha ya vioo na mlango wa chuma. Kikaja chumba kimoja cha kupanga mjini, na kanga iliyokunjwa kuziba upenyo wa chini ya mlango ili mbu wasipite. Jiko ni lile lile na mkaa ni ule ule. Watu wamehamia nyumba nyingine na kitenzi chao kile kile, umekolea, na katika nyumba hiyo kitenzi hicho hakifai tena.

Sasa nije kwenye majina. Neno gesi lenyewe lilizaliwa mkaani. Tabibu mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, aliyefariki mwaka 1644, alichoma ratili 62 za mkaa wa mwaloni akabakiwa na ratili 1 tu ya jivu. Zile 61 zilikwenda wapi? Akasema zimegeuka kuwa kitu kama roho, kisichofungika chomboni, akakipa jina alilolitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya machafuko ya kabla ya ulimwengu kupangika. Ndilo hilo tunaloliita gesi.

Kwetu, hata hivyo, gesi imekwenda njia yake. Katika jiko la Mtanzania wa leo gesi ni mtungi. Mwambie mpangaji ajihadhari na gesi yenye sumu chumbani mwake: atautazama mtungi, atanusa, hatasikia harufu, atatulia. Tena ile gesi ya mtungi hutiwa harufu kwa makusudi ili pua itambue inapovuja. Kwa hiyo pua imefundishwa kwamba gesi hunuka. Neno hilo humpotosha mara mbili: kwanza humwelekeza kwenye chombo kisichohusika, kisha humwambia atumie hisi isiyofaa.

Kaboni nayo imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kaa la moto au mkaa, lililochukuliwa na wanakemia wa Ufaransa wa zama za Lavoisier, mwishoni mwa karne ya 18, kuwa jina la elementi. Aliyetunga ukaa alitafsiri kwa ustadi. Alichukua kaa, akatia kiambishi u- kama tulivyofanya mtu akawa na utu, akapata neno fupi lenye mzizi wa nyumbani. Mimi sioni kasoro katika ukaa. Kasoro ilikuja katika hatua iliyofuata, na ni kasoro ya mitaala kuliko ya lugha. Kaboni dayoksaidi ilipata bahati ya kufundishwa shule ya msingi, kwa Kiswahili, pamoja na majani ya mimea na mwanga wa jua; huko ndiko ilikoitwa hewa ya ukaa, na mtoto akatoka nalo jina hilo maisha yake yote. Kaboni monoksaidi ilingojea sekondari, ikafundishwa kwa Kiingereza. Nimeifundisha miaka mingi. Nimeona vijana wakiandika mlinganyo wake ubaoni bila kosa, herufi zote na tarakimu zote mahali pake, kisha jioni wakarudi nyumbani ambako hapakuwa na neno hata moja la kumweleza bibi anayeingiza seredani chumbani.

Si kwamba wataalamu wa istilahi walilala. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, hadi kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, kazi kubwa imefanyika, na aliyewahi kukaa katika kikao cha kusanifu istilahi anajua neno moja linavyoweza kula asubuhi nzima. Lakini istilahi ya maabara hukaa maabarani. Tofauti ya ndugu hawa wawili, kwa mwanakemia, ni hesabu tu: mmoja ana oksijeni moja, mwingine ana mbili. Maneno mono na di hubeba hesabu hiyo kwa anayejua Kigiriki. Kwa asiyejua ni majina mawili marefu yanayofanana, na mwishowe husikia lile analolijua: kaboni, ukaa, ile ya misitu.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilitatua jambo hili kwa njia nyingine. Walikuwa na majina yao yasiyotoka maabara, ukoo mzima wa mivuke. Mvuke wa moto ulikuwa ule unaolipuka. Mvuke mweusi ni ule unaozima taa na kumkaba mtu. Mvuke mweupe ni ule unaoua ilhali taa inaendelea kuwaka. Na mvuke wa baadaye ni mchanganyiko unaobaki mgodini baada ya mlipuko, unaowafuata walionusurika. Leo tunajua kuwa mvuke mweusi ni kaboni dayoksaidi pamoja na naitrojeni, na mweupe ni kaboni monoksaidi. Watu ambao wengi wao hawakusoma kemia yoyote waliwatenga ndugu wawili ambao sisi tumewafunika kwa kitambaa kimoja. Waliwatenga kwa sababu kila jina lilikuwa na tendo lake: huyu ukimwona taa inafifia rudi nyuma, yule hutamwona kabisa, tafuta namna nyingine.

Namna hiyo nyingine ilipatikana baada ya msiba. Tarehe 27 Januari 1896 mgodi wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ulilipuka, wakafa watu 57. Mwanafiziolojia John Scott Haldane alikwenda kuzikagua maiti. Aliona kwamba wengi hawakuuawa na kishindo wala moto. Nyuso zao zilikuwa nyekundu kama za watu walio hai. Katikati ya karne hiyo, Claude Bernard wa Ufaransa alikuwa ameonyesha sababu: hewa hii hushikamana na ile rangi nyekundu ya damu, himoglobini, na kuchukua kiti cha oksijeni. Hushika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu hubaki nyekundu, mapafu hufanya kazi, kifua hupanda na kushuka, na mwili unakufa njaa ya hewa huku unapumua. Haldane alikuwa ameivuta hewa hiyo yeye mwenyewe kwa vipimo, akiichunguza damu yake kadiri fahamu zilivyomruhusu. Akashauri wachimbaji wachukue mnyama mdogo, panya au ndege, ambaye mwili wake huenda mbio kuliko wa binadamu na hulewa kabla yake.

Ndege aliyechaguliwa ni yule ambaye kamusi zetu humwita chiriku. Nawaomba washairi wasimame hapa kidogo. Maana ya pili ya chiriku, katika Kiswahili, ni mtu msemaji asiyejua kunyamaza. Mgodini ndege huyo aliajiriwa kwa ajili ya kimya chake: akiacha kuimba, akayumba juu ya kijiti na kuanguka, watu walikuwa na dakika chache za kutoka. Migodi ya Uingereza ilimtumia tangu takriban mwaka 1911 hadi 1986, alipopokewa na vifaa vya umeme vya mkononi. Kwa hesabu yangu chiriku ni chombo cha kwanza cha kweli cha kupima hewa hii, na kizimba chake ni babu wa kisanduku cheupe kinachobandikwa ukutani leo.

Sisi pia tuna migodi. Mwezi Juni 2002 machimbo ya tanzanaiti ya Mererani yalipoteza wachimbaji zaidi ya 30 waliokufa chini ya ardhi bila hewa safi. Huwa tunasema juu ya vifo vya namna hiyo kwamba marehemu walikosa hewa. Kauli hiyo ni ya adabu na ya huzuni, lakini ina pengo. Kukosa hewa kunaeleza upungufu. Hakutaji ziada ya kitu kingine. Baruti ikilipuka katika shimo huacha nyuma kaboni monoksaidi, na jiko katika chumba huiacha vile vile, na aliyevuta sumu si sawa na aliyekosa hewa, ingawa wote wawili hukutwa wamelala.

Vyombo vilivyomrithi chiriku ni vya koo mbili kubwa. Ukoo mmoja hutumia oksidi ya bati iliyopashwa moto, ambayo upitishaji wake wa umeme hubadilika inapoguswa na hewa za namna hii. Mjapani Naoyoshi Taguchi alibuni kifaa cha aina hiyo mwaka 1962. Ukoo wa pili, ambao ndio mwingi majumbani Ulaya, ni wa kemiaumeme: ndani yake kuna kitu kama betri ndogo, hewa ikiingia huunguzwa taratibu kwenye ncha moja, na umeme mdogo unaozaliwa huwa mwingi au mchache kulingana na wingi wa hewa yenyewe. Kwa hiyo chombo hiki hakinusi. Kinakula, kisha kinasema kimekula kiasi gani.

Sehemu hiyo inayokula ina jina la Kiingereza ambalo mafundi wetu hulitamka sensa. Nalipinga, na si kwa ukereketwa. Sensa tayari ni kuhesabiwa watu. Tulihesabiwa mwaka 2022. Kihisi kipo, kimeundwa kwa kitenzi hisi na kiambishi cha vyombo, nacho kinatosha. Kwa kile kinacholia, watu husema king'ora, au kamsa kwa wenzetu wa Kenya. Wazee wa pwani wangesema mbiu, ile ya mgambo, ambayo ikilia kuna jambo. Lolote kati ya hayo ni zuri. Lisilofaa hata kidogo ni kukiita chombo hiki kitambua moshi. Kitambua moshi ni chombo kingine, kinangoja chembe za moshi, na mbele ya mkaa uliokolea hukaa kimya kabisa. Mtu aliyeuziwa hiki kwa jina la kile ameuziwa usingizi.

Kwenye kioo cha chombo huonekana tarakimu na herufi tatu: ppm. Kiswahili chake ni sehemu kwa milioni, na kwa hili hesabu ndiyo inayosaidia. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.8. Humo mna kama lita 25,000 za hewa. Sehemu 50 kwa milioni ya chumba hicho ni lita moja na robo; haijazi ile chupa ya maji ya lita moja na nusu. Sehemu 300 ni lita saba na nusu, ndoo ndogo isiyojaa. Kiasi hicho tu, kikitawanyika katika chumba kizima, kimetosha kuita mbiu ya dharura.

Lakini mbiu hailii papo hapo, na hili ndilo neno gumu kuliko yote kulitafsiri, kwa sababu ni wazo. Kiwango cha Ulaya cha vyombo vya nyumbani kinataka king'ora kilie kati ya dakika 60 na 90 ikiwa hewa imefika sehemu 50. Kati ya dakika 10 na 40 ikifika 100. Na ndani ya dakika 3 ikifika 300. Kwenye 30 kinakatazwa kulia kabla ya dakika 120. Asiyejua husema chombo ni kibovu, mbona kinaonyesha tarakimu na hakilii? Chombo kinafanya hesabu ya damu. Sumu hii hupimwa kwa wingi ukizidishwa kwa muda, kama deni la duka: kidogo kwa siku nyingi, au kingi kwa siku moja, mwisho wa mwezi daftari linasoma sawa. Wanaopima hewa kazini huuita wastani wa kufuata muda. Mimi nimekuwa nikiliita limbikizo, kwa sababu ndilo linalotokea.

Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Katika nchi yetu mtu mwenye dalili hizo hujiambia ana malaria, hujifunika blanketi, hulifunga dirisha vizuri zaidi. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni, ambacho wengi walikifahamu wakati wa Korona, hakimsaidii: kinatazama wekundu wa damu, na damu iliyobeba sumu hii ni nyekundu, hivyo huandika kwamba oksijeni ipo ya kutosha. Hospitali huhitaji kipimo maalumu cha damu.

Neno moja zaidi la chombo, kwa kuwa ni neno zuri: ugezi. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, ambamo vipimo hulinganishwa na kipimo sahihi. Kugeza, kwa wazee, ni kuiga, kukifanya kitu kwa mfano wa kingine. Fundi anapokipa kihisi hewa ya kiasi kinachojulikana na kukifunza kusoma kiasi hicho, anakigeza. Vihisi huchoka, huandikiwa umri wake nyuma ya chombo, miaka mitano, saba, au kumi, kisha chombo hutupwa hata kama taa yake bado inawaka. Taa ni ya umeme, si ya ukweli.

Vyombo hivi, kwa mshangao wa wengi, vina kazi hapa ghubani. Wageni huja kuzama na mitungi ya hewa ili kuyaona yale matumbawe ambayo zamani tuliyachoma, na mitungi hujazwa kwa kompresa. Kompresa ya injini, mdomo wake ukielekea upande unakopepea moshi wa injini hiyo hiyo, humjazia mzamiaji sumu pamoja na pumzi. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia kinataka kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5 kwa milioni. Sababu ya ukali huo ni kina. Mita 20 chini ya maji mgandamizo ni mara tatu ya juu, na sehemu 10 zilizomo mtungini hufanya kazi mwilini kama 30. Kijana mmoja niliyemsomesha, ambaye sasa hujaza mitungi upande wa Utende, alinieleza jinsi anavyopima kila asubuhi, na alinieleza kwa Kiswahili chote isipokuwa jina la kile anachokipima. Hapo alisita, akasema: "Ile, mwalimu, ile carbon."

Nimesikia mapendekezo mawili ya kuijaza nafasi hiyo. Moja ni hewa bubu, nalo lina utamu wa kishairi: bubu mbele ya chiriku, na pia kwa jinsi tunavyosema bandari bubu, mahali panapopita vitu bila kuandikwa na forodha. Hofu yangu ni kwamba halisemi hewa hiyo inatoka wapi. La pili ndilo ninaloliunga mkono: sumu ya makaa. Msomaji makini atapinga kwamba jenereta halichomi makaa, wala gari. Ni kweli. Lakini majina ya nyumbani hufuata chanzo kinachojulikana zaidi, na anayeijua sumu ya makaa ni rahisi kumwambia kwamba jenereta nalo hutoa sumu ya makaa, kuliko kumwanzishia somo upya. Maabarani na ibaki kaboni monoksaidi. Hewa ukaa na iende sokoni na jina lake, imeshazoeleka.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Miaka iliyobaki ni ya jiko la mkaa kwa kaya nyingi, na vile visanduku vyeupe vimeanza kuonekana madukani na katika nyumba za wageni, maelezo yake yakiwa kwa lugha nyingine. Kwa ajili ya kimoja kilichopo karibu nami nimeandika kibandiko, nanyi mko huru kukisahihisha: Chombo hiki hutambua sumu ya makaa. Hakitambui moshi wala gesi ya mtungi. Kikilia, usinuse. Fungua mlango, toa watu kwanza, jiko baadaye.